Sifuri Kumi na Moja

Wenzake kiwandani waliweka kidogo kidogo, dola arobaini mshahara huu, dola arobaini mshahara ujao, haba na haba mpaka kibaba kijae. Leland Vosika hakuwa na subira ya haba na haba. Kila tarehe mbili Januari, benki ya mji wa Kessler ilipofungua milango, yeye alikuwa ameshafika, kofia mkononi, anaijaza akaunti yake ya matibabu mpaka juu.

Na huko juu alikujua. Serikali hutangaza kila mwaka kiasi ambacho mtu akikizidisha anaitwa mkosaji, na Leland alikitaja kiasi hicho haraka kuliko wanaume wengine wanavyotaja siku ya kuzaliwa ya wake zao. Mwaka 2024 kilikuwa dola elfu nane na mia tatu kwa mwenye bima ya familia, na elfu moja ya nyongeza kwa aliyevuka miaka hamsini na mitano. Jumla elfu tisa na mia tatu. Kiwanda kilimtolea elfu moja na mia mbili, elfu nane na mia moja akatoa mwenyewe siku hiyo hiyo ya tarehe mbili, akatoka benki anapiga mluzi. Pesa za akaunti hiyo hazikatwi kodi zikiingia, hazikatwi zikizaa, wala hazikatwi zikitoka, ilimradi zimetoka kwa sababu ya ugonjwa.

"Nitajie kitu kingine ambacho serikali imekupa mara tatu," alikuwa akimwambia Duane, fundi mwenzake pale kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo.

"Na usipougua je?" Duane alimjibu. "Utakufa mzima wa afya, tajiri, halafu Marlys aolewe na mimi. Endelea kuweka, ndugu yangu, endelea."

Miaka kumi na minne aliweka, na katika miaka hiyo yote hakutoa hata dola moja. Meno alilipia mfukoni. Miwani alilipia mfukoni, risiti akazitia kwenye sanduku la viatu. Siku mkanda wa mashine ulipompasua kidole gumba, alikiziba kwa gundi ya dukani, akarudi kazini kabla kahawa yake haijapoa. Bima yake ilikuwa ya aina ile isiyolipa kitu mpaka kwanza utoe elfu sita zako mwenyewe, na kwa Leland hizo elfu sita zilikuwa mlima asioona sababu ya kuupanda.

Tusimcheke sana. Baba yake, Emil, aliugua moyo mwaka 1983, Leland akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Emil alilazwa wiki tatu katika jiji la Lincoln, akafa, na bili ilipokuja familia iliuza ekari arobaini za mahindi kuilipa. Leland alisimama kwenye mnada akawaona majirani wanainua mikono. Tangu siku ile aliweka nadhiri kwamba ugonjwa ukija nyumbani kwake utakuta pesa zinaungoja mlangoni, na kwamba ardhi haitauzwa, ingawa kwa kweli ardhi yenyewe haikuwepo tena, alikuwa na nyumba tu na kiwanja chenye banda.

Kutotulia kwake mji mzima ulikujua. Kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango. Kwenye harusi watu walimkuta amepiga magoti anakaza skrubu za viti vya kukunja. Marlys, mkewe, aliyekuwa na saluni ndogo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, aliwaambia wateja wake kwamba yeye hakuolewa na mume, aliolewa na upepo. Lakini tangu mwezi wa nane mwaka jana upepo ulikuwa umezidi. Sasa alikula amesimama kwenye sinki. Habari za televisheni alizisikilizia korido, akienda na kurudi.

Siri ya mwezi wa nane ilikuwa hii. Alikuwa amepanda ngazi ya mnara wa kuhifadhia mahindi pale kiwandani kutafuta beringi iliyokuwa ikilia, na kifua kikambana. Alishikilia chuma, akahesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo dawa yake ya kila kitu. Maumivu yalikwenda mpaka kwenye taya na mkono wa kushoto, yakakaa dakika kumi na nane, yakaondoka. Akaitafuta beringi, akaipata, akaibadilisha. Kesho yake aliomba ruhusa ya nusu siku, akaendesha gari mpaka Lincoln. Hospitali alizipita. Aliegesha mbele ya ofisi ya pensheni ya serikali, akajiandikisha.

Hilo lilikuwa kosa la ndoa kabla halijawa kosa la kodi. Yeye na Marlys walikuwa wamekubaliana asubiri mpaka miaka sabini, maana kila mwaka unaosubiri pensheni inanenepa. Alikuwa na sitini na sita. Lakini mtu anayeamini hatafika sabini anasubiri nini? Akaomba pesa ziingie kwenye chama cha akiba na mikopo cha mji wa jirani, kwenye akaunti aliyoifungua zamani kwa mkopo wa lori. Alipanga Marlys asijue kitu mpaka aikute droo ikiwa na karatasi zote, siku yeye akishakufa. Kwa kichwa chake yeye, huo ulikuwa upendo. Na maumivu yalirudi, tena na tena, na kila yaliporudi aliyaandika moyoni akanyamaza.

Pamoja na pensheni ilimjia bima ya wazee, kwa sababu ukishavuka sitini na mitano huwezi kuchukua moja ukaiacha nyingine. Leland alijua kwamba mwenye bima ya wazee haruhusiwi kuweka tena kwenye akaunti ya matibabu. Kwa hiyo Januari hii hakwenda benki, na alimwambia karani wa kiwanda aache kuweka. Zile za mwaka jana hazikumsumbua hata kidogo. Aliweka Januari, alijiandikisha Agosti. Mtu aliyenunua tiketi kabla ya treni kuondoka ana kosa gani?

Jumatatu ya tarehe saba Aprili alishuka chini ya maktaba ya mji, ambako wastaafu wanaojitolea huwasaidia watu kujaza fomu za kodi bila malipo. Hakwenda kusaidiwa. Fomu zake alizijaza kwa mkono mwenyewe miaka arobaini. Alikuwa na swali moja tu, na aliyekuwa mezani ni Bernadine Schlake, aliyekuwa mhasibu wa shule mpaka alipostaafu, mwanamke ambaye hajawahi kukosea kujumlisha na anajua hivyo.

"Kaa, Leland."

"Nimekaa siku nzima."

"Basi sema shida yako."

Akaegemea kiti kwa goti moja. "Swali langu dogo. Akaunti niliijaza Januari. Bima ya wazee nimejiandikisha Agosti. Januari inatangulia Agosti, au sivyo?"

"Tangu nianze kusoma kalenda, inatangulia."

"Basi sina deni na mtu. Asante, Bernadine."

"Simama hapo. Lete kadi yako."

Leland alitoa kadi ya bima kwenye pochi. Bernadine aliisogeza karibu na taa, akaigeuza amwonyeshe tarehe ya kuanza. Tarehe moja Februari, 2024.

"Hiyo nimeiona," Leland alisema. "Wamekosea kuchapa."

"Serikali ikikosea, baba, haikosei kwa kukuongezea. Ukijiandikisha umeshapita sitini na mitano, bima ya hospitali inarudi nyuma miezi sita. Toka Agosti hesabu kurudi. Julai, Juni, Mei, Aprili, Machi, Februari."

"Inarudi nyuma?"

"Inarudi."

"Nani kaiomba irudi?"

"Haiombwi. Ni zawadi."

"Zawadi!" Leland aliondoka kwenye kiti, akaenda mpaka kwenye rafu ya vitabu vya bustani, akarudi. "Siku niliyoweka pesa nilikuwa na haki. Nilisimama benki nina haki yangu kamili. Sasa mtu anakuja miezi saba baadaye anairudia Februari yangu?"

"Kikomo kinahesabiwa mwezi kwa mwezi," Bernadine alisema kwa ile sauti ya kuwafundisha walimu wapya makato ya mshahara. "Elfu tisa na mia tatu ni ya mwaka mzima. Igawe kwa kumi na mbili, unapata mia saba sabini na tano. Wewe ulistahili mwezi mmoja, Januari. Kwa hiyo kikomo chako ni mia saba sabini na tano. Uliweka elfu tisa na mia tatu. Umezidisha elfu nane mia tano ishirini na tano."

Leland aliisoma upya tarehe ya kwenye kadi. Mtu huyu alikuwa akiendesha maili ishirini kufuata petroli iliyopungua senti nne.

"Ukiziacha humo," Bernadine aliendelea, "watakukata asilimia sita mwaka huu, na mwakani tena, na mwaka wa tatu, mpaka uzitoe. Ukizitoa kabla ya tarehe kumi na tano, siku ya mwisho ya fomu, pamoja na faida yake, faini hakuna, ila zinahesabiwa mapato. Utazilipia kodi ya kawaida. Kwa mshahara wako, pamoja na kodi ya jimbo, karibu elfu moja na mia tano."

"Au?"

"Kwani nimesema kuna au?"

"Una uso wa au."

Bernadine alicheka, akavua miwani. "Marlys ana miaka mingapi, sitini na moja? Bima ya wazee hana. Bima yako ya familia ilimfunika mwaka mzima. Basi aende benki, afungue akaunti ya matibabu kwa jina lake, aweke pesa hizo hizo kabla ya tarehe kumi na tano na waandike ni za mwaka jana. Nimeshapiga hesabu, zinaingia zote. Zinatoka mfuko huu, zinaingia mfuko ule, na hupotezi hata senti."

Kwa muda mfupi Leland alisimama ametulia kabisa, jambo ambalo Bernadine alisema baadaye ndilo lililomtia wasiwasi.

"Lazima aende mwenyewe?"

"Unataka niende mimi na wigi?"

"Nauliza tu. Kama kuna karatasi ya kumpelekea nyumbani, aweke sahihi."

Bernadine alimtazama. Yeye na Marlys waliimba kwaya moja, safu moja. "Leland. Marlys anajua umejiandikisha?"

"Gari nimeliacha linanguruma nje," alisema Leland, akapanda ngazi mbili mbili, halafu moja moja.

Kuanzia hapo nyumba haikuwa na raha. Jumanne asubuhi kabla ya kazi alipaka mafuta bawaba za milango yote, hata ya kabati lisilofunguliwa. Jioni alinoa visu vya mashine ya kukatia nyasi, na nyasi zenyewe hazijaota. Jumatano alitegemeza ngazi ukutani asafishe mifereji ya paa, akafika kipandio cha nne, akashuka, akasema mvua itaisafisha yenyewe. Upepo wa Aprili ulivuma toka magharibi bila kupumzika na mlango wa banda ulikuwa ukijipiga, na kila ulipojipiga alikwenda kuufunga.

"Kuna nini kwenye suruali yako, siafu?" Marlys alimuuliza toka saluni, mkasi mkononi, kichwa cha mteja kikiwa kimejaa povu. "Umepita hapa mara saba. Mama wa watu anadhani unamchungulia."

"Natafuta bisibisi."

"Imo mkononi mwako."

Njia zilikuwa mbili na zote zilimkera. Elfu moja na mia tano ilikuwa bei ya kunyamaza: angezitoa pesa kimyakimya, angelipa kodi, na Marlys angetia sahihi fomu kama alivyotia miaka thelathini na saba, pale Leland anapoweka kidole, bila kusoma. Njia ya pili haikuwa na gharama ya hata senti moja, ila angehitaji kumwambia mkewe, "Twende benki," na Marlys angeuliza kwa nini. Ukijibu kwa nini ya kwanza, kwa nini ya pili iko nyuma yake, na kwa nini ya mwisho ilikuwa kifua chake. Usiku alilala macho anazigeuza njia hizo mbili. Ubahili ulimvuta huku, woga ukamvuta kule, na katikati yao alikuwepo mtu wa miaka sitini na saba mwenye maumivu ambaye hakuna aliyekuwa akimuuliza lolote.

Alhamisi hakwenda kazini. Alisema ana fomu za kumaliza. Alikaa mezani jikoni, akainuka, akakaa, akainuka, mwishowe akaijaza karatasi ya hesabu akiwa amesimama, ameinama juu ya meza. Karatasi hiyo ina mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila mwezi, na unatakiwa uandike kwenye kila mstari kiasi ulichostahili kuweka. Mwezi ambao hukustahili unaandika sifuri. Januari aliandika elfu tisa na mia tatu. Februari, sifuri. Machi, sifuri. Aliziandika taratibu na kuzikoleza, maana alikuwa na hasira nazo, mpaka Desemba. Kando yake aliweka karatasi ya benki ya kutolea pesa zilizozidi, tayari imejazwa. Alikuwa ameamua kulipia kimya chake.

Mlango wa banda ukajipiga. Akatoka.

Kwa nini aliziacha karatasi wazi mezani, mtu ambaye hata risiti ya bisibisi huificha sandukuni, mimi sijui. Marlys alikuja jikoni kujaza kikombe cha kahawa na kuchukua andazi la plamu lililobaki Jumapili. Alikuwa msusi na mkata nywele, lakini alikuwa ameendesha biashara yake mwenyewe miaka thelathini. Karatasi yenye sifuri kumi na moja haikuweza kumpita.

Leland aliporudi, upepo umemtimua nywele, alimkuta amesimama na karatasi mkononi.

"Njoo hapa."

"Kitasa cha banda kimelegea, nachukua tu..."

"Banda halina miguu. Njoo."

Akaja mpaka upande wa pili wa meza.

"Hizi sifuri za nini?"

"Za kodi. Hesabu tu."

"Miaka thelathini na saba natia sahihi mahali kidole chako kilipo. Leo nauliza. Januari tulikuwa watu, Februari mpaka Desemba sisi sifuri. Kulitokea nini?"

Leland akaanza kumweleza, na alimweleza kwa urefu, akitumaini atachoka. Alimweleza kikomo cha familia na nyongeza ya wazee. Alimweleza kugawa kwa kumi na mbili. Alimweleza bima inayorudi nyuma, na hapo sauti yake ilipanda kwa sababu dhuluma ile ilikuwa bado inamuuma kweli. Mwishowe akataja na akaunti ambayo Bernadine alisema Marlys aifungue kwa jina lake. Marlys alisikiliza yote huku anatafuna andazi, bila kupepesa.

"Kwa hiyo ilirudi nyuma toka Agosti," alisema.

"Ndiyo."

"Maana yake Agosti ulijiandikisha."

"Ndiyo."

"Tulisema sabini, Leland. Kwenye meza hii. Ukanichorea na grafu."

"Nakumbuka."

"Agosti kulikuwa na nini?"

Leland alitazama dirisha. "Kulikuwa na joto."

"Agosti gani haina joto?" Alilitua andazi. "Una mwanamke Lincoln?"

"Mwanamke! Marlys, mimi?"

"Bora ungekuwa naye. Ningejua pa kuanzia. Agosti kulikuwa na nini?"

Akageuka kwenda kwenye birika, na Marlys akamshika mkono wa shati. Hakumvuta. Alimshika tu, kama anavyomshikilia mtoto asiyetaka kunyolewa, na Leland akajiona hana tena pa kwenda katika jiko lake mwenyewe.

"Kifua kilinibana," alisema. "Kule juu ya mnara. Kidogo."

"Kidogo."

"Kikaacha."

"Kidogo kiasi kwamba kesho yake ukaenda kuchukua pensheni kabla hujafa." Uso wake ulikuwa umeiva. "Ulipita mbele ya hospitali ngapi, mpaka hiyo ofisi?"

Leland alizijua. Zilikuwa mbili.

"Mle kwenye akaunti mna kiasi gani?"

"Laki moja na elfu kumi na nane, na..."

"Za nini?"

"Za ugonjwa."

"Wa nani?"

Leland akaanza kujaribu skrubu ya meza kwa ukucha.

"Wa nani, Leland? Maana mimi nadhani ni za ugonjwa wa jirani! Miaka kumi na minne unaulisha huo mfuko kama fahali wa maonyesho. Ugonjwa wenyewe umekuja, umebisha hodi, wewe umeuficha bandani usije ukazigusa pesa zake!" Sasa alikuwa analia na hasira haijapungua. "Mimi nilidhani umechoka na mimi. Miezi minane hukai nami kitini. Nikasema basi, amenichoka, ataniambia mwenyewe."

Hilo Leland hakuwa amelipigia hesabu. Alikuwa ameweka akilini kodi, faini, asilimia, pensheni, mjane na droo yake, na katika hesabu zote hizo hakuna mahali alipoandika kwamba Marlys angekaa peke yake kwenye kochi jioni akidhani hapendwi.

"Baba alimaliza ekari arobaini hospitalini," alisema, sauti ndogo, "na akafa vilevile."

"Baba yako alikwenda hospitali amebebwa. Mama yako alinisimulia nilipokuwa namsuka, mara ngapi sijui. Mwaka mzima Emil alikuwa akisimama katikati ya shamba ameshika kifua, anasema ni kiungulia. Mwaka mzima! Wangempeleka mapema wangeuza ndama wawili."

Mficha maradhi, wasema Waswahili, kifo humuumbua. Marlys hakuijua methali hiyo, lakini mkwe wake aliyekufa kabla hawajaonana alikuwa amemfundisha maana yake. Leland alikuwa amekwenda na habari ya ekari arobaini maisha yake yote, na habari ya mwaka mzima wa kiungulia hakuna aliyewahi kumpa. Au alipewa, akachagua kukumbuka mnada.

Marlys aliichukua karatasi ya benki, ile ya kulipia kimya, akaikunja akaitia mfukoni mwa aproni. "Benki nitakwenda. Nitafungua hiyo akaunti yenu, nitatia sahihi kila mahali, sitaki upoteze hata senti, nakujua utazirudia mpaka kaburini. Lakini kwanza simu."

Alipiga zahanati ya mji, akamweleza muuguzi aliyepokea, kisha akamkabidhi Leland simu akaiwasha sauti ya nje.

"Bwana Vosika," muuguzi alisema, mwanamke, kijana kwa sauti, "mkeo anasema ulipata maumivu ya kifua mwezi wa nane. Ilikuwa mara hiyo moja tu?"

Marlys alikuwa anajifuta macho kwa taulo la saluni. Kwake yeye ilikuwa mara hiyo moja. Hivyo ndivyo alivyoambiwa sasa hivi. Leland alimtazama. Angeweza kusema ndiyo. Angepewa miadi ya mwezi ujao, angepanda tena mnara, na tarehe kumi na tano fomu zingeondoka zikiwa safi.

"Hapana," alisema.

"Mara ngapi, unaweza kukadiria?"

Kukadiria hakukumfaa. "Thelathini na mbili."

Taulo la Marlys likasimama hapo hapo kwenye shavu.

"Ya mwisho ilikuwa lini, Bwana Vosika?"

"Leo asubuhi."

"Ulikuwa unafanya kazi gani? Unapanda ngazi, unabeba kitu?"

"Hapana. Nilikuwa nimekaa. Siku hizi yanakuja nikikaa. Nikitembea ndipo yananisahau. Ndiyo maana natembea."

Sauti ya muuguzi ilibadilika, ikawa ya haraka na ya upole. Alisema asiendeshe gari. Alisema na mkewe asimwendeshe. Aliuliza kama wana aspirini, akasema atafune moja sasa hivi, mlango wa mbele wauache wazi, na kwamba anaita gari la wagonjwa yeye mwenyewe kwenye laini nyingine, wasikate simu.

Marlys alileta aspirini. Alisukuma kiti cha saluni toka chumba cha mbele, kile kikubwa chenye mikono, akakiweka katikati ya jiko. Leland alitafuna kidonge amesimama. Aliutazama mlango wa nyuma, akamtazama mkewe, uchungu wa kidonge ukimkunja uso.

"Gari la wagonjwa mpaka Lincoln," alisema, "siku hizi ni dola ngapi?"

"Zipo," Marlys alisema. Alimwekea mikono yote miwili mabegani. "Zipo, Leland. Kaa."

Akakaa.